Ugoro wa Mama na Darasa la Jumanne

Nilijua kumuuliza mtu kwa Kianishinabe kama ana njaa, kama ana kiu, kama mguu bado unamuuma, kabla sijajua kumuuliza mama yangu mzazi maneno hayo hayo kwa Kikamba. Naandika hili mwanzoni kabisa nisije nikapata nafasi ya kulizungukazunguka. Mama alikuwa akiishi nami Arlington, karibu na Dallas, katika chumba cha pili cha nyumba ya kupanga. Ukuta mmoja tu ulimtenga na meza ambapo kila Jumanne jioni nilifungua kompyuta, nikajifunza lugha ya watu wa kaskazini ya mbali, kwenye maziwa makubwa ambayo maji yake huganda wakati wa baridi, kwa bidii ambayo sikuwahi kuiweka katika kitu chochote cha kwetu.

Mambo yalianzia kazini. Mimi ni nesi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Grand Prairie. Tulikuwa na bibi mmoja Mwanishinabe aliyeletwa Dallas akiwa msichana, enzi serikali ilipokuwa ikiwatoa wenyeji wa asili wa nchi hii kwenye ardhi zao na kuwapeleka mijini watafute kazi. Aliolewa huku, akazika mume huku, akazoea joto. Ugonjwa wa kusahau ulipomshika, Kiingereza ndicho kilichomtoka kwanza. Akabaki na lugha yake, na katika jengo zima hakuwepo wa kumwelewa. Alikuwa akirudia neno moja, nibi, nibi, nasi tunamgeuza ubavu, tunambadilishia shuka, tunamwongezea dawa ya maumivu. Siku moja mjukuu wake alipiga simu kutoka kwao, nikamuuliza maana yake. Akasema bibi anataka maji.

Nilimpelekea maji, nikamwambia nibi, akanishika kifundo cha mkono na hakuniachia mpaka gilasi ilipokwisha. Nakiri nililia pale pale. Yule mjukuu akanifundisha maneno mengine machache, halafu akaniambia kuna chuo cha kabila lao, chuo kinachoendeshwa na Waanishinabe wenyewe kwenye ardhi yao karibu na mpaka wa Kanada, na kwamba masomo ya lugha ya jioni hufundishwa kwa video na yeyote anaruhusiwa kuingia. Nikajiandikisha. Mkubwa wangu kazini aliposikia akanipiga picha, akaitundika ukumbini, mimi na tabasamu la meno yote, na chini yake maneno kwamba huyu ndiye nesi anayejifunza lugha ya mgonjwa wake. Kila aliyepita pale alinipongeza. Bibi wa watu alifariki kabla masomo hayajashika kasi. Ningependa kusema niliendelea kwa heshima ya marehemu. Niliendelea kwa sababu nilizoea kusifiwa.

Darasani tulikuwa wachache. Wengi walikuwa Waanishinabe waliokulia mijini, wakatafuta lugha ukubwani, na mwalimu wetu alikuwa mama mtu mzima mwenye nywele ndefu za mvi, asiye na haraka na mtu. Kwao, kabla hujasema lolote mbele ya watu, unajitambulisha: jina lako, ukoo wako, unakotoka. Ukoo huo una mnyama wake, na mtu asiyetaja ukoo ni kana kwamba ameingia sebuleni kupitia dirisha. Somo la kwanza kila mmoja alijitambulisha. Dubu, akasema huyu. Korongo, akasema yule. Zamu yangu ilikuwa inakuja na mimi jasho linanitoka, kwa sababu Wakamba pia tuna koo, kila mwenye akili zake anaijua ya kwake, na mimi sikuijua yangu.

Nilikulia katika nyumba za wafanyakazi wa reli Mombasa. Baba alipiga marufuku kikwetu ndani ya nyumba ili tufaulu mitihani. Kilikuwa Kiswahili, na baada ya chakula cha jioni Kiingereza. Bara tulikwenda Desemba, tukacheza na watoto wa baba mkubwa, tukachekwa, tukarudi. Mambo ya koo walizungumza wazee, na mimi nilikuwa na vitabu vyangu. Siwezi kumlaumu baba, Mungu amlaze pema, maana mitihani nilifaulu, na tangu niingie utu uzima hakuna aliyenikataza kuuliza.

Basi zamu yangu ikafika. Nikasema ukoo wangu ni simba.

Simba! Katika Wakamba wote waliowahi kuzaliwa sidhani yupo aliyewahi kujieleza hivyo. Lakini nilikuwa Mwafrika kwenye skrini ya watu wa theluji, na neno hilo ndilo lililonijia haraka, kama linavyomjia mtalii. Mwalimu hakucheka. Aliandika, akaniuliza linavyotamkwa kwa lugha yangu, akalitamka kwa heshima. Tangu siku hiyo akifungua darasa alinisalimu kwa jina na ukoo, simba, na wenzangu wakafurahi, na mimi nikatabasamu tabasamu lile la ukumbini. Kila Jumanne nilivunjwa uso na heshima ya mtu, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi.

Sasa nieleze habari za mama. Alikuja baada ya kumzika baba, na mwanzoni mambo yalikwenda. Alikuwa na Kiswahili chake cha Mombasa, anasalimiana na majirani Wakongo kwenye maegesho ya magari, ananiuliza kwa nini hapa mtu hawezi hata kununua kitunguu bila gari. Halafu akaanza kupotea kidogo kidogo. Daktari alisema ni ugonjwa ule ule ninaouona kila siku kazini. Kiswahili kilimtoka taratibu, neno hili leo, lile wiki ijayo, mpaka akabaki na Kikamba peke yake. Kwa yule bibi wa Grand Prairie jambo hilo lilinitoa machozi na likaniingiza chuoni. Kwa mama yangu liliniudhi. Nasema ukweli. Nilirudi kutoka kazini nimechoka, yeye anasema jambo, mimi najibu kwa Kiswahili kwa sauti ya juu, eti akisikia kwa nguvu ataelewa.

Binti yangu, aliyemwita bibi yake Susu, akiniuliza, "Mum, what's Susu saying?" nilimtungia. "Anasema chakula kitamu." "Anasema umekua." Mtoto akaridhika na kurudi kwenye simu yake. Sijui mama alikuwa anasema nini. Huenda alikuwa anaomba maji.

Na alikuwa ananusa ugoro. Wanawake wengi wa rika lake kwetu hunusa, si ajabu hata kidogo. Aliuweka katika kopo dogo la rangi ya viatu lililokuwa la baba, lile la bati lenye kifuniko cha kupinda. Baba alikuwa mtu wa kung'arisha viatu. Mama alilibeba kopo hilo ndani ya kitambaa kiunoni, na mara kwa mara alilitoa, akagonga kifuniko kwa kucha, akachukua chembe, na kabla hajanusa alidondosha nyingine kidogo chini. Kwenye zulia langu. Nilifagia na kununa.

Ndipo ikafika zamu yangu ya kukaribisha ushirika wa akina mama wa kanisa. Wengi ni manesi kama mimi, Wakenya, wenye nyumba zao Arlington na magari yanayong'aa, na nilikuwa nimepika tangu asubuhi. Nilimwomba mama akae chumbani. Nasema nilimwomba, kumbe nilimrudishia mlango tu, kwa upole. Katikati ya sala alitoka. Alikuwa amejifunga kanga vizuri, mdomo wa juu una rangi ya kahawia, akazunguka kumsalimu kila mtu kwa kikwetu, akaketi karibu na mwenyekiti wetu, akanusa, akapiga chafya iliyokata sala katikati. Halafu akamnyooshea mwenyekiti kopo, kumkaribisha.

"Asante mama, mimi situmii," akasema mwenyekiti, huku akirudisha kiti nyuma. Mmoja wao akaniambia taratibu jikoni, "Aki dada, mama bado anatumia ugoro? Usijali, tutamuombea."

Sikutaka kuombewa. Nilitaka ardhi ipasuke. Walipoondoka nilimwendea mama, nikachukua kopo mkononi mwake, nikamwaga ugoro wote kwenye sinki na kufungulia maji. Nikaliosha kopo kwa sabuni, nikalikausha, nikatia pini ndani yake, kwa kuwa ni kopo zuri na mimi sipendi kutupa vitu. Mama alisimama mlangoni akiangalia. Hakupiga kelele. Alirudi chumbani kwake, na kutoka siku hiyo hakunisemesha tena. Kwa binti yangu aliongea, kwa televisheni aliongea. Mimi nikimletea chakula alikipokea na kuangalia ukuta.

Kazini wakiniuliza, nilisema ni ugonjwa unaendelea. Mimi ni nesi, najua maneno ya kuficha mambo.

Nikampigia simu kaka yangu Houston, mtoto wa baba mkubwa, nikamwambia mama amenishinda. Yeye na mkewe wanaongea Kikamba nyumbani kwao, watoto wao wanatukanana kwa Kikamba. Hakuniuliza maswali. Akasema, "Mlete tu. Kwani kuna neno? Mlete huku akae na watu." Tukakubaliana nimpeleke wikendi baada ya masomo yangu kufungwa. Nilishusha pumzi kwa furaha, na nikaona aibu ya ile pumzi.

Wiki hiyo hiyo mwalimu alitupa kazi ya mwisho. Kila mmoja aende kwa mzee wa watu wake, awe yeyote yule, amwombe amweleze habari za ukoo, kisha aje ajitambulishe upya mbele ya darasa, na mzee akiweza awe pembeni yake. Akatufundisha namna ya kuomba. Kwao huendi kwa mzee kumwomba neno mikono mitupu. Unampelekea tumbaku, kidogo tu, wanaiita asemaa. Unaiweka mkononi mwake na kusema unachotaka. Akiipokea, amekubali kukuambia. Asipoipokea, unarudi ulikotoka bila kununa. Alitunyooshea mkono kwenye skrini kutuonyesha: hushikwa kwa mkono wa kushoto, ulio upande wa moyo. Na tusimrekodi mzee bila ruhusa yake.

Nilikuwa nimeshika kalamu. Nikaiweka chini. Niliona sinki, maji ya kahawia yakizunguka na kushuka. Wenzangu wanauliza maswali, tumbaku ya aina gani, inapatikana wapi, na mimi najifanya mtandao unanisumbua, nikazima kamera.

Ningeweza kumpigia kaka Houston na kumuuliza jina la ukoo. Lingekuwa jambo la nusu dakika. Baba yake na baba yangu ni tumbo moja, ukoo wake ndio wangu. Lakini angecheka, na angekuwa na haki, na baada ya kucheka angeniuliza, kwani mama yako hayupo hapo? Hilo ndilo sikuweza kulijibu. Mzee wangu pekee alikuwa nyuma ya ukuta, amekaa kitandani, na siku zake za kukaa kwangu zilikuwa zinaisha. Kama angeondoka hivyo, ameniangalia kama ukuta, nilijua asingerudi kuniangalia vingine.

Nikaenda kununua ugoro. Kuna duka la Mkenya linalouza unga, majani ya chai na mafuta ya kujipaka ya nyumbani, na ukiuliza kwa sauti ya chini mwenyewe anainama chini ya kaunta. Alinitolea pakiti imefungwa kwa gazeti. Ndipo nyuma yangu nikasikia, "Dada! Hiyo ni ya nani tena?" Alikuwa yule yule wa jikoni aliyesema watamuombea mama, ameshika mfuko wa unga.

"Ya patient wangu kwa job," nikasema.

"Ma-patient wa huku pia wananusa?"

"Huyu ananusa."

Akacheka, akaniambia mimi nina moyo, si kila nesi angefanya hivyo. Niliingia kwenye gari na nikakaa pale bila kuwasha. Nilikuwa nimemkana mama yangu mbele ya mizani ya maharage, na nikasifiwa kwa kumkana.

Nyumbani nilitoa pini kwenye kopo la baba, nikalijaza ugoro. Nilivaa kanga. Niliingia chumbani kwake mchana, jua limejaa dirishani, nikapiga goti kama nilivyoona wasichana wa bara wakifanya nilipokuwa mdogo, nikamnyooshea kopo. Kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa mwanafunzi mzuri sana, nilifuata kila nilichofundishwa, na nikampa mama yangu kitu kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo mtoto wa kwetu hupigwa kofi kwalo kabla hajajua kutembea.

Mama aliangalia ule mkono. Akageuza uso.

Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa uso wote uliwaka. Nilihamisha kopo mkono wa kulia, nikaushika huo kwa wa kushoto, nikainama zaidi. Nilimwambia kwa Kiswahili, kwa kuwa sikuwa na kingine, kwamba nimekosa, na kwamba nataka aniambie sisi ni ukoo gani. Nilisema na jina la baba. Sijui alishika lipi katika hayo. Alilitazama kopo kwa muda, akakigusa kifuniko, na kisha akalichukua. Aligonga kwa kucha. Akadondosha chembe chini, akanusa, akapiga chafya, akafuta machozi.

Halafu akaanza kuongea.

Aliongea mfululizo, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa mtoto, nzito, yenye mpangilio. Alihesabu kwa vidole. Alionyesha upande wa dirisha, kana kwamba vilima viko nje ya maegesho. Nilisikia jina la baba, nikasikia la babu. Mara alicheka mwenyewe, mara akanishika magoti. Na mimi sikuelewa. Neno hapa, neno pale, maji, ng'ombe, mtoto, kama mtu anayetazama harusi kupitia tundu la ufunguo. Kila aliposimama na kuniangalia usoni, niliitikia kwa kichwa, nikasema ee, ee mama. Niliogopa nikisema vingine atanyamaza tena. Nilijidanganya kwamba mwishoni jina litajitokeza lenyewe. Alipomaliza alikuwa amechoka, akalala, na kopo li mkononi mwake.

Jumanne ya mwisho nilimketisha mama kando yangu mezani, nikamweka vizuri mbele ya kamera. Wenzangu walijitambulisha na wazee wao, kila mzee akapewa salamu. Ilipofika kwangu, mwalimu alimsalimu mama kwanza, kwa Kianishinabe, taratibu, na mama akamjibu kwa Kikamba, akatoa kopo kiunoni na kumnyooshea kwenye skrini. Mwalimu alicheka kwa furaha. Alinyanyua kifuko chake cha tumbaku akamwonyesha, na wale wanawake wawili wakawa wanaitikiana, kila mmoja kwa lugha yake, kila mmoja akiangalia tumbaku ya mwenzake, kama marafiki wa zamani. Niliona wivu. Ndiyo, wivu, katikati ya aibu.

Kisha mwalimu akaniuliza: Awenen gidoodem? Ukoo wako ni nani?

Nikasema, Gaawiin ningikendanziin. Sijui. Nikaeleza kwa Kiingereza kwamba hakuna simba kwetu, nilitunga, kwamba mama ameniambia ukweli juzi, yote, na sikuelewa alichosema kwa sababu sijui lugha ya mama yangu. Nilingoja aibu iniue, haikuniua. Mmoja wa wanafunzi, kijana mpole tu, akajaribu kunifariji, akasema matamshi yangu ya "sijui" yalikuwa safi kuliko ya mtu yeyote darasani. Mwalimu alimtazama mpaka akazima kipaza sauti. Kwangu akasema tu kwamba mama yangu bado amekaa hapo.

Jumamosi tukashika barabara ya Houston, mama kiti cha mbele, binti yangu nyuma na simu yake. Mama aliangalia malori na uwanda mkavu, akanusa, akadondosha chembe kwenye zulia la gari. Sikununa. Nilijiambia kwamba mambo si mabaya sana, maana darasani nilisema ukweli, na mama amerudi kunitazama usoni. Nilianza kujionea huruma kidogo, na hata kujisifu kidogo.

Kaka alitupokea nje. Mkewe alimwita mama kwa kikwetu kabla hatujafungua milango, na mama akajibu, na kutoka hapo ikawa kama mtu amefungua bomba. Waliingia ndani wameshikana mikono. Alikuwa mtu mwingine: anatania, anakatiza watu maneno, anaulizia ng'ombe. Nilikaa kwenye kona ya kochi na kikombe cha chai, mgeni.

Nilipopata mwanya nikamnong'oneza kaka. "Mwulize mama, ile siku nilimpa ugoro, aliniambia nini? Nilitaka kujua ukoo wetu."

Aliniangalia. Hakucheka, afadhali angecheka. Alifungua mdomo kunitajia, maana yeye anaujua, lakini mama alikuwa amesikia jina la ugoro, akauliza tunasema nini. Kaka akamweleza. Mama akajibu kwa sentensi fupi, bila hasira, akinitazama kwa mshangao.

"Anasema nini?" nikauliza.

Kaka alikuna shingo. "Anasema alishakuambia. Alikuambia yote, ukoo, na mahali kitovu chako kilizikwa, na kwa nini yeye na baba yako walihama bara. Anasema kila mara alikuuliza kama umesikia. Ukamwambia ndiyo."

Chai ilikuwa mkononi mwangu na sikujua niiweke wapi. Mbele ya watu wa mbali, walio kwenye skrini, niliweza kusema sijui na nikajiona jasiri. Kwa mama yangu, uso kwa uso, magoti yetu yakigusana, nilisema ndiyo. Alikuwa amekusanya vyote alivyobaki navyo, katika kichwa kinachovuja, akanikabidhi, na mimi nikamdanganya kwamba nimepokea.

"Mwambie sikusikia," nikamwambia kaka.

"Mwambie mwenyewe."

Akanipa maneno, machache tu. Niliyarudia kwa sauti ya chini, akanisahihisha, nikayarudia. Kisha nikaondoka kwenye kochi, nikakaa chini kwenye zulia mbele ya mama, na nikamwambia kwa Kikamba kwamba sikusikia. Nilitamka vibaya. Watoto wa kaka walicheka kutoka jikoni, mama yao akawanyamazisha. Mama aliinama akaniangalia vizuri, akaniambia nirudie. Nikarudia.

Alitoa kopo, akagonga kifuniko, akadondosha chembe kwenye zulia la watu, akaanza tena tangu mwanzo. Safari hii alikwenda polepole, na mara mbili alipotea njiani, akatafuta, akarudi. Kaka alitaka kunitafsiria, mama akamkataza kwa mkono. Bado sikuelewa. Lakini kila aliposimama kuniuliza kama nimesikia, nilimwambia bado.